Risasi Isiyo na Bunduki

Mpaka Koleo anafika kituoni asubuhi ile, mtaa mzima ulikuwa umeshatoa hukumu. Kilichobaki ni polisi kumtoa muuaji nje ili watu wamalizane naye wenyewe. Walijaa uani, wake kwa waume, wengine wameshika mawe bila hata kujisumbua kuyaficha. Na walikuwa wakikohoa. Watu wa mtaa ule waliishi na kikohozi kama wengine wanavyoishi na jirani mkorofi: mtu alianza kusema, akakohoa, akamalizia alichokuwa anasema. Koleo alishawahi kupita katikati ya makundi mabaya kuliko lile, lakini safari hii alijikuta anaambaa na ukuta.

Koleo halikuwa jina lake. Alibandikwa na wenzake zamani, kwa sababu akishika jambo haachii. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mpole wa sauti, na waliodanganywa na upole huo walikuwa wengi, baadhi yao wako gerezani mpaka leo.

Mkuu wa kituo alimpokea kwa tabasamu pana. Hilo peke yake lilitosha kumtia wasiwasi.

"Kesi imekwisha," alisema. "Fundi Saa ameuawa kwa risasi. Daktari kanipigia simu mwenyewe."

Fundi Saa alikuwa mzee aliyetengeneza saa katika kibanda cha njia panda. Jana asubuhi alikutwa amekaa kitini, kichwa kimelala mezani katikati ya saa za watu, amekufa. Koleo ndiye aliyemwinua.

"Afande, mimi nilimgeuza mzee yule huku na huku. Tundu sikuliona."

"Wewe si daktari."

"Tundu la risasi halihitaji daktari."

"Labda iliingilia mdomoni." Mkuu akafungua mdomo wake kuonyesha njia yenyewe.

"Na damu ikaenda wapi?"

"Koleo, usinitie kichefuchefu asubuhi yote hii." Tabasamu lilimpotea. "Daktari kasema risasi, nami nimeandika risasi. Mtaani kwetu bunduki inayojulikana ni moja, ya yule mlinzi wa kiwanda cha kuyeyushia betri chakavu. Huyo mlinzi aligombana na marehemu hadharani wiki hii hii, wakashikana mashati. Tumemkamata alfajiri. Sasa unataka nini tena?"

"Nataka kumwona."

"Mwone. Lakini haraka. Wale walioko nje sina uhakika nitawazuia mpaka lini."

Mlinzi alikuwa amekaa sakafuni katika chumba cha mahabusu, bado amevaa sare ya kazi. Alikuwa pande la mtu, lakini amejikunja mpaka akaonekana mdogo.

"Bunduki yako ina risasi ngapi?" Koleo alimuuliza.

Mlinzi akacheka kicheko kisicho na raha. "Haina. Haijawahi kuwa nayo tangu nianze kazi. Ile ni ya kutishia watu tu, Afande. Chungulia kwenye mtutu, utakuta nyigu wamejenga."

Koleo akaenda stoo, akaiomba ile bunduki, akachungulia. Nyigu walikuwa wamejenga kweli, na udongo wao ulikuwa umekauka zamani. Hakuna mtu aliyefikiria kutazama. Aliirudisha bunduki, akarudi mahabusu, na sasa akakaa chini sakafuni karibu na Mlinzi.

"Mligombania nini na Fundi Saa?"

"Aliitukana dawa ya mama yangu. Mama anauza majani ya kifua. Mzee akaja kupiga kelele kwamba yanamkata tumbo. Mbele ya watu! Nikamwambia achunge mdomo wake."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi? Mwenzako wa getini anasema ulimwacha peke yake."

"Nilikuwa ndani ya kiwanda."

"Upande gani?"

Mlinzi akageuzia uso ukutani.

"Upande gani, kaka?"

"Nikisema, kazi sina."

"Usiposema, nje kuna watu hawataki hata kukuuliza."

Kama waliosikia wametajwa, jiwe likapiga bati la paa, likabingirika, likaanguka upande wa pili. Mlinzi akajifunika kichwa kwa mikono. Hapo ndipo Koleo alipoziona ncha za vidole vyake: zilikuwa na rangi ya kijani iliyokolea mpaka kukaribia weusi. Akaushika mkono mmoja, akaunusa. Uchungu ulimpanda puani mpaka kooni.

"Ulikuwa unachuma majani ya mama yako."

"Afande, niache nikamwone mwanangu," alisema Mlinzi, na sauti yake ikakatika. "Yuko hospitali. Tumbo, halafu degedege. Mama yake hayuko duniani, ana bibi yake tu. Akifa mimi niko humu ndani, mtakuwa mmeniua bila hao wa mawe."

Koleo aliinuka. Alitoka kwa mlango wa nyuma, na mpaka anaingia garini masikio yake yalikuwa yakisubiri jiwe la pili.

*

Daktari wa wodi ya watoto ndiye pia aliyempima marehemu, kwa kuwa hospitali yenyewe haikuwa na madaktari wa kuchagua. Alikuwa mwanamume mwembamba, na macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Nionyeshe tundu," Koleo alimwambia.

"Tundu gani?"

"La risasi. La Fundi Saa."

"Nani kakwambia ana tundu?"

"Wewe. Ulimpigia Mkuu, ukamwambia mzee kafa kwa risasi."

"Ndiyo. Damu yake imejaa risasi, sijawahi kuona..." Daktari akanyamaza. Akamtazama Koleo, akaitazama sare yake, akavuta kiti na kukaa. "Mungu wangu. Mlidhani ya bunduki?"

"Kuna baba wa watu yuko ndani kwa neno lako moja, na mawe yanamsubiri mlangoni."

"Mimi nilisema madini! Risasi ile nzito, ya kijivu, iliyo ndani ya betri za magari. Ikiingia mwilini inaua polepole. Haina mlio."

Mkuu na masikio yake, Koleo aliwaza kwa hasira. Lakini kulikuwa na kazi mbele.

"Fundi yule alikuwa akiunganisha waya kwa risasi ya kuyeyusha," alisema. "Nimeiona mezani kwake. Si aliipata humo?"

"Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipompima mtoto mmoja humu wodini." Daktari akasimama. "Huyo baba uliyemtaja, si mlinzi wa kiwanda cha betri? Njoo. Njoo uone kitu kinachonitisha."

Mtoto alilala kitanda cha mwisho dirishani. Waliokuwa wakimpenda walimwita Kidoti, kwa alama nyeusi iliyokuwa shavuni mwake. Ufizi wake ulikuwa na mstari wa kijivu, na mkono wake mmoja ulining'inia kutoka kwenye kifundo kama usio wake. Alikuwa macho, lakini hakumtazama mtu. Pembeni yake aliketi bibi yake, mama yake Mlinzi, amemshika mguu juu ya shuka.

Daktari alimvuta Koleo kando, akanong'ona.

"Mtoto anaumwa alichokufa nacho mzee. Nilimpima siku alipoingia, na leo nimempima tena. Mtu akitolewa kwenye sumu, damu inatakiwa ianze kushuka, hata kidogo. Yake imepanda."

"Imepanda?"

"Akiwa humu humu. Kwenye kitanda hiki hiki."

Koleo aligeuka. Aliangaza macho wodini: akina mama, manesi, mfanyakazi wa usafi na ndoo yake. Mmoja wa watu hawa, mchana kweupe, alikuwa akimlisha mtoto kifo.

"Dawa ya kuitoa ninayo," Daktari aliendelea, "lakini siwezi kuianza. Ukimpa mtu dawa hii huku sumu bado inaingia, unaisaidia sumu ipenye zaidi. Nitafutie inapotokea, Afande. Nitafutie leo. Degedege lingine kama la jana, sidhani kama atalivuka."

Koleo alipiga moyo konde, akaenda kitandani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniambia wamemwachia baba yake?"

"Bado. Nimekuja kuuliza mambo madogo madogo tu." Macho yake yalishatua chini ya kitanda, kwenye pakiti za juisi zilizopangwa vizuri. "Hizi katoa nani?"

"Meneja wa kiwanda. Anamtuma dereva wake. Kijana mwenye adabu kweli, kila akija anauliza kama majibu ya damu ya mtoto yametoka."

Koleo akainama. Meneja wa kiwanda cha risasi, anamletea juisi mtoto mwenye risasi mwilini, na anataka majibu! Alichukua pakiti moja, akaizungusha dirishani kwenye mwanga, akitafuta alama ya sindano. Kona zilikuwa zimefungwa kama zilivyotoka dukani. Akachukua ya pili, na ya tatu.

"Amekunywa ngapi?"

"Hajanywa hata moja. Mtoto mgonjwa unampaje sukari? Mimi nawapa manesi."

Koleo aliirudisha pakiti chini taratibu. Manesi walikuwa wakipita na sinia zao, wazima kabisa.

"Basi anakula nini?"

"Uji wa humu, nao anautapika."

"Maji?"

"Ya bomba, kama wenzake wote."

"Hapewi kitu kingine?"

"Hapewi." Bibi akafikiri kidogo. "Labda dawa."

"Ya daktari?"

"Ya daktari anajua daktari. Mimi nampa yangu." Akavuta kikapu, akatoa themosi. "Ya kifua. Mtaa huu nani hana kifua, na ule moshi wa kiwanda? Kwanza nilimpa ile ya kawaida. Sikuona nafuu, nikamtafutia kali."

"Kali ndiyo ipi?"

Swali lilimfurahisha Bibi. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikunjuka, akawa mfanyabiashara mbele ya mteja. Akatoa fungu la majani makavu kikapuni, akalitandaza kiganjani.

"Tazama. Jani pana, laini, hilo halina kitu, ni mboga. Jani kali ni dogo hivi, gumu, limekunjamana pembeni. Chungu mpaka masikio yanazibuka. Wateja wangu siku hizi ukiwapa jingine wanakurudishia."

"Fundi Saa naye?"

"Huyo ndiye mteja wangu wa kwanza wa kali. Alipoanza kulalamika tumbo, nilimwambia tumbo ndiyo dalili, dawa imeshaanza kazi. Nikamkolezea." Bibi akashusha pumzi. "Masikini. Naye kaondoka na kinyongo."

Huku akisema hivyo alimimina dawa kwenye kifuniko cha themosi, akaonja yeye kwanza, kisha akamwinua mtoto kichwa. Kidoti akafungua mdomo bila kuambiwa.

Koleo alimdaka Bibi mkono. Dawa ikamwagika juu ya shuka, doa la kijani likatambaa.

"Mwanangu, unaniumiza!"

"Samahani, Bibi. Naomba hiyo dawa. Yote. Hata mimi nina kikohozi." Alijilazimisha kukohoa. Ulikuwa uongo wa kitoto, lakini mwingine haukumjia. Mbele yake aliketi ama muuaji asiyepepesa macho ama bibi anayempenda mjukuu wake, na Koleo hakujua ni yupi kati ya hao wawili aliyemtisha zaidi.

"Chukua, mwanangu. Nitachemsha nyingine."

"Usichemshe! Mpaka nirudi." Akabana themosi kwapani, akatia majani mfukoni. "Haya umechuma wapi?"

Uso wa Bibi ukajifunga palepale.

"Mchumaji hasemi anapochumia. Ukisema leo, kesho unakuta vijiti vitupu."

*

Ng'ambo ya barabara ya hospitali kulikuwa na chuo, na ndani ya chuo kulikuwa na mwalimu wa mimea aliyepanda bustani ya miti ya dawa nyuma ya darasa lake. Alikuwa mama mwenye miwani mikubwa na mikono iliyochafuka udongo. Aliyatazama majani ya Bibi kwa kioo cha kukuzia, akatoka nje, akarudi na jani bichi pana la kijani kibichi. Akaliweka kando ya yale madogo.

"Ni mmea mmoja huu?" Koleo aliuliza.

"Mmoja. Hili langu limekulia hapa bustanini. Hilo lako limekulia kwenye moshi." Akamkabidhi kioo. "Tazama upande wa chini. Jani linapumua, lina vitundu. Hivi vyote vimezibwa na masizi. Mmea ukikosa pumzi na mwanga haukui. Jani linadumaa, linakuwa gumu, kingo zinaungua na kugeuka njano."

"Lakini muuzaji anasema ndilo kali."

"Hadanganyi. Mmea wa aina hii ukiteswa hutengeneza uchungu zaidi ili ujikinge. Mtu anaonja, anasema dawa imekuwa kali. Ukali anauonja kweli. Kilicholeta huo ukali ndicho asichokionja."

Alichota maji katika beseni jeupe, akatumbukiza fungu lote, akayasugua majani taratibu kwa vidole. Maji yakageuka kijivu. Yalipotulia, vumbi zito, jeusi, likashuka chini ya beseni na kulala pale. Wote wawili walisogea nyuma bila kukusudia.

"Nitalipima kwa mashine nikupe majibu rasmi," Mwalimu alisema, "lakini mimi mwenyewe nisingetia kidole tena humo."

"Kama ni vumbi la juu, mbona halikuoshwa?"

"Kuosha kungepunguza, si kumaliza, sumu nyingine imeshaingia ndani ya jani. Lakini waulize wauza dawa kama wanaosha."

Koleo hakuwa na haja ya kuuliza. Alilelewa na mama aliyempiga kofi siku alipothubutu: mboga huoshwa, dawa haioshwi. Jani la dawa halionji maji mpaka lifike kwenye sufuria, kwa sababu ukiliosha nguvu yake inakwenda na maji. Kila mchumaji alijua hivyo, na kila mnunuzi akiona jani limeoshwa alikataa. Sumu yote iliyotua juu ya jani lile ilikuwa imetunzwa kwa uangalifu, isidondoke hata chembe, mpaka ikafika kinywani mwa Kidoti.

Alimpigia Daktari: dawa ya kifua isimkaribie mtoto, na hiyo ya kutoa risasi iandaliwe. Kisha akampigia Mkuu wa kituo, akamweleza neno kwa neno, polepole, kama anayemfundisha mtu kusoma.

"Kwa hiyo si bunduki," Mkuu alisema mwishoni.

"Si bunduki, Afande. Mlinzi hana kosa. Na usiseme kitu kwa mtu yeyote mpaka nitoke kiwandani."

*

Kiwanda kilikuwa na ukuta mrefu mbele na dohani refu la kutolea moshi nyuma. Koleo aliingia na konstebo wawili, akapita ofisini bila kusimama, akazunguka tanuri. Joto lilimpiga usoni na macho yakamwasha. Kule nyuma, kati ya tanuri na ukuta, vichaka vya majani ya kifua vilijipanga kwa safu ndefu. Nje ya ukuta alikuwa ameviona vikifika kifuani kwa mtu. Hivi havikumfikia magotini. Vilikuwa vimepinda vyote upande mmoja, vikiupa moshi mgongo. Matawi yalikuwa na mikato mibichi.

"Huko haruhusiwi mtu!" Meneja alikuja mbio, tai imemwendea begani.

"Nani anachuma hapa?"

"Hakuna. Nilishapiga marufuku. Niliwaambia walinzi wote, atakayeonekana anachuma majani huku nyuma hana kazi."

Kumbe ndiyo maana Mlinzi alikubali kupigwa mawe kuliko kutaja upande alikokuwa. Alimchumia mama yake mahali palipokatazwa, akidhani anachoiba ni majani.

"Ulikataza kwa nini?" Koleo aliuliza.

"Kwa usalama."

"Usalama wa majani?"

Meneja alirekebisha tai yake.

"Bwana Meneja, mtu anayezuia watu kuchuma majani ya porini ana sababu. Uliwaambia walinzi sababu?"

"Wangeleta maneno mtaani. Kiwanda kingefungwa. Watu wangapi wanakula hapa?"

"Na ulipomtuma dereva kuuliza damu ya mtoto, ulitaka kujua nini? Mtoto atapona, au utajulikana?"

Meneja akatazama juu, kwenye lile dohani, kana kwamba lingemjibia. Koleo alikuwa ameshawashika wezi na wauaji, lakini mtu aliyejua na kunyamaza, halafu akapeleka juisi, alimtia kinyaa. Aliwaagiza konstebo wamshikilie pale pale, tanuri lizimwe, jani lisiguswe.

Simu yake ikaita. Ilikuwa sauti ya Mkuu, imejaa furaha.

"Nimeokoa jahazi! Walikuwa wameshavunja geti. Nikatoka nikawaambia jamani, si bunduki, ni dawa ya yule bibi. Wakatawanyika wote."

Koleo alikuwa ameshaanza kutembea kuelekea getini.

"Wametawanyika kwenda wapi, Afande?"

"Nadhani," Mkuu alisema, na furaha imemwisha, "wamekwenda hospitali."

*

Walikuwa wameshajaa kwenye geti la hospitali Koleo alipofika. Sasa hawakuwa na hasira tu, walikuwa na hofu, na hilo lilimtisha Koleo zaidi, kwa sababu kila mmoja wao alikuwa amekunywa dawa ile. Mwanamke mmoja alikuwa amembeba mtoto mgongoni, akilia na kupiga vyuma kwa jiwe. Bawabu alikuwa ameegemeza mwili wake wote kwenye geti. Koleo alipitia jikoni, akapanda ngazi mbili mbili.

Wodini Daktari alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kikombe kidogo mkononi, shati limelowa.

"Anatema," alisema bila kugeuka. "Dawa yenyewe inanuka kama yai bovu. Nimejaribu, manesi wamejaribu, anabana meno. Nikimlazimisha itamwendea mapafuni."

Kidoti alikuwa ameligeuzia dirisha uso. Mwili wake ulikuwa umeanza kutetemeka kwa mbali, midomo imekauka. Bibi alisimama miguuni pa kitanda.

"Mwanangu," alimwambia Koleo, "nasikia watu huko nje. Wamemjua aliyempa mjukuu wangu sumu?"

"Wanadhani wanajua."

"Na wewe unajua?"

"Najua."

"Nitajie. Nataka nimtazame usoni."

Koleo aliwahi kuwapelekea watu habari za misiba bila sauti kumtetemeka. Safari hii alimshika Bibi bega kwanza.

"Ilikuwa kwenye majani, Bibi. Yale makali. Moshi wa kiwanda umeyapaka sumu. Hukujua, wala mwanao hakujua. Aliyejua tumemshika."

Bibi hakulia. Alishika chuma cha kitanda. Kwa muda mrefu alitazama kiganja chake cha kulia, kile alichotandazia majani asubuhi, kisha akakificha nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyefumaniwa. Kelele za getini ziliongezeka, chuma kikalia kama kinachong'oka.

"Waache waingie," alisema polepole. "Waache. Mimi nitashuka mwenyewe."

"Bibi," sauti nyembamba iliita kitandani.

Wote waligeuka. Kidoti alikuwa amefumbua macho.

"Bibi, waambie waondoke. Sitaki ya kwao. Nipe dawa yako."

Daktari alimtazama Koleo, Koleo akamtazama Bibi. Daktari alikinyanyua kile kikombe, akakisogeza pole pole mpaka kikafika mbele ya Bibi.

Bibi alitikisa kichwa. "Si kwa mkono huu."

"Hapokei kwa mwingine, mama," Daktari alisema. "Na hatuna muda."

Mkono ulitoka nyuma ya mgongo, ukakipokea kikombe. Bibi aliketi kitandani, akamwinua mtoto kichwa. Kidoti akanusa, akakunja uso.

"Hii si yako."

"Ni yangu," Bibi alisema, na machozi sasa yalikuwa yakimdondokea shingoni, lakini sauti ilikuwa imetulia. "Nimeichuma mwenyewe leo asubuhi. Ni ile kali. Fungua mdomo, mama."

Mtoto akafungua, akameza.